Jua la Utosini na Mafuta ya Kila Siku

Ndugu mwenyekiti, walimu, na wazazi wenzangu, walionizidi umri nawaamkia shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie mafuta ya kukinga jua, na najua wapo humu ukumbini wanaojiuliza mtu mweusi ana haja gani nayo. Swali hilo ni la haki. Weusi wetu unatokana na melanini, ile rangi ya asili iliyomo ngozini, nayo ni kinga ya kweli. Ndiyo maana saratani ya ngozi itokanayo na jua ni nadra kwa sisi tulio weusi, na sitawatisha kwa maradhi ambayo wengi wenu hamtayapata. Lakini kinga hiyo haikugawiwa sawa. Mtoto mwenye ualbino huzaliwa bila melanini ya kutosha, na hapa Tanzania, ambako inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya kila 1,400 ana ualbino, jua lile lile tunaloanikia dagaa humbabua yeye kabla kipindi cha michezo hakijaisha.

Tena jua letu si la mzaha. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwezi Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, hata kivuli cha nguzo kikajikusanya chini ya nguzo yenyewe, na miezi mingine haliendi mbali. Mawingu ya masika hupunguza joto, lakini mionzi inayounguza ngozi si joto, na sehemu yake kubwa hupenya mawingu mepesi. Ndiyo sababu nasema kila siku, wala si siku ya kwenda ufukweni tu.

Niwaeleze nilichokiona kwa mtoto mmoja, ambaye sitamtaja jina. Mama yake humpaka mafuta kila asubuhi kabla ya shule, na uso ulikuwa umekolea mafuta vizuri. Ila nilipokaa nyuma yake niliona ncha za masikio zimekauka na kufanya magamba, sikio la kushoto lina kijidonda kinachotoa damu akijikuna, na shingo imebabuka pale kola ya shati inapoishia. Mama yule si mzembe hata kidogo. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba jua humtafuta mtoto masikioni, kisogoni, kwenye mdomo wa chini na juu ya nyayo zilizovaa kandambili. Kidonda cha namna ile kisipopona kwa wiki kadhaa, mtoto apelekwe hospitali, asipakwe dawa ya kubahatisha.

Kipimo nacho hutuponza. Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya kidole cha kati, kuanzia shinani hadi nchani, na mtoto akiwa nje apakwe tena kila baada ya saa mbili. Tafuteni mafuta yenye SPF, yaani kiwango cha kukinga jua kinachoandikwa kwenye kopo, ya 30 kwenda juu. Ya 30 ikipakwa sawasawa huzuia kama asilimia 97 ya mionzi inayounguza, na ya 50 kama asilimia 98, basi asikae mtoto bila kitu eti kwa kukosa ile ya bei kubwa. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta ya Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino. Kofia pana na mikono mirefu havina mbadala hata ukipaka.

Wengine nasi tunahusika. Mwenye madoa meusi usoni atahangaika na dawa bure ikiwa kila siku anatoka juani bila kinga, kwa kuwa mwanga huo ndio unaoyakoleza. Na anayejichubua kwa mkorogo, dada zangu nawaomba mnisikilize, anaiondoa kwa mkono wake kinga aliyozaliwa nayo.

Walimu, ninachowaomba ni kopo moja kwenye kabati la darasa na dakika tano kengele ya mapumziko ya saa nne inapolia, kabla watoto hawajakimbilia uwanjani. Kopo ninalo hapa. Mwalimu mmoja apite mbele, tuanze na masikio.