Maksi za SAT za vyuo vikubwa Marekani: tunapima chuo au tunapima mchujo?

DEO: Haya jamani karibuni tena, mimi Deo, niko na dada Saumu kama kawaida, na leo tuna jambo la wazazi. Kuna baba mmoja katutumia voisi, mwanae yuko Form Siksi, mchepuo wa PCM, anataka kuaplai vyuo vya Marekani. Huyu baba kakaa na Excel yake kaorodhesha vyuo kumi na tano kwa maksi za SAT, MIT juu kabisa, Harvard chini yake kidogo, halafu anauliza je ni kweli MIT ni bora kuliko Harvard, na hivyo vya chini mtoto aviache?

SAUMU: Shikamoo yake huyo baba, kafanya kazi. Wengine wanasikia jina tu kwenye muvi wanaaplai.

DEO: Ila?

SAUMU: Ila hiyo orodha inamjibu swali ambalo hajaliuliza. Tuanze na hizo namba zenyewe kwanza, maana kuna wasikilizaji hawajui hata 1600 inatoka wapi.

DEO: Twende dada.

SAUMU: SAT ni pepa ya kuombea vyuo vya Marekani, ya zamani, ilianza 1926. Sa hivi ina sehemu mbili, kusoma na kuandika kwa pamoja, na hesabu. Kila moja inaanzia 200 inaishia 800, ukijumlisha ni 400 mpaka 1600. Kuanzia 2005 mpaka 2016 ilikuwa 2400, kwa hiyo ukikutana na jedwali la zamani limeandika 2250 usishtuke, hiyo ni skeli nyingine kabisa. Na sa hivi inafanyika kwenye kompyuta, huku nje ya Marekani ilihamia 2023, kule kwao 2024, na muda ni saa mbili na dakika kumi na nne.

DEO: Na wastani wao?

SAUMU: Kundi lililomaliza hai skuli 2024, karibu watu milioni mbili walifanya, wastani 1024. Sasa weka hiyo kichwani halafu nenda kaangalie Harvard, utakuta kama 1500 mpaka 1580. MIT 1520 na kitu mpaka 1570, 1580 huko. Yaani wote hao wamebanana juu kwenye dari, hakuna nafasi ya kupanda tena.

DEO: Kwa hiyo tofauti ya MIT na Harvard ni kama pointi 20?

SAUMU: Kama 20, mwaka mwingine 10. Na mtoto yuleyule, Deo, ukimfanyisha pepa Jumamosi hii na Jumamosi ijayo, bila kusoma chochote katikati, maksi zinaweza kucheza pointi 30 hadi 40 juu au chini. College Board wenyewe wanaotunga wanalisema hilo. Sasa wewe unakuja kupanga vyuo kwa pointi 20, unapanga nini?

DEO: Unapanga upepo.

SAUMU: Na hiyo 1500 mpaka 1580 watu wanaisoma vibaya. Wanadhani 1500 ndo ya chini, ukikosa hapo umefungiwa geti. Siyo. Wanachukua wanafunzi walioingia, wanawapanga kuanzia wa chini mpaka wa juu, wanakata robo ya chini wanaiweka pembeni, wanakata robo ya juu wanaiweka pembeni, wanakuonesha nusu ya katikati. Kwa hiyo mmoja kati ya kila wanne, kati ya waliowasilisha maksi, ana 1500 au pungufu. Yuko darasani, anakula kantini hapohapo Harvard.

DEO: Hapo kwenye "waliowasilisha" umepita haraka dada.

SAUMU: Nakuja, ngoja. Hapo ndo penyewe.

DEO: Haya.

SAUMU: 2020 korona ikaja, vituo vya mtihani vikafungwa, karibu vyuo vyote vikubwa vikasema SAT ni hiari, ukitaka tuma, usipotaka acha. Sasa wewe una 1350 na chuo kinaonesha 1500, utatuma?

DEO: Situmi, nina akili timamu.

SAUMU: Hutumi. Na mwenye 1560 atatuma mbio. Mwaka unaofuata chuo kinatangaza wanafunzi wetu sasa ni 1510, mwaka juzi walikuwa 1480. Je watoto wamekuwa na akili zaidi?

DEO: Wale wa chini wamejificha tu!

SAUMU: Wamejificha, namba imepanda, walimu walewale, maktaba ileile. Ndo maana mimi nikiona maksi za chuo cha hiari, cha kwanza natafuta ni asilimia ngapi walituma. Na hiyo haifichwi. Kuna fomu moja inaitwa Common Data Set, vyuo vingi vinaijaza kila mwaka na kuiweka kwenye tovuti zao, we gugo jina la chuo halafu andika hayo maneno matatu, itakuja PDF. Nenda sehemu C9. Juu pale kuna asilimia ya waliotuma SAT na asilimia ya waliotuma ACT, pepa nyingine ya kuombea vyuo kama SAT, chini yake ndo jedwali, robo, nusu, robo tatu. Watu wanashuka moja kwa moja kwenye jedwali wanaruka mstari wa juu, na mstari wa juu ndo unakuambia hilo jedwali linahusu watu wangapi. Hata U.S. News, wale wanaopanga vyuo kwa ubora kila mwaka, ambao mimi sina mapenzi nao sana, kama waliotuma SAT na ACT hawafiki nusu ya wanafunzi wapya hawazihesabu hizo maksi kwenye rankingi, na zikihesabiwa uzito wake ni asilimia 5 tu.

DEO: Asilimia tano? Na watu wanapigana hivi mitandaoni?

SAUMU: Tano. Halafu kwenye hilohilo jedwali kuna mtego, na mzazi wetu nadhani kauingia maana namba zake mbili tatu haziendani. Fomu za miaka ya nyuma zilikuwa zinatoa robo ya kusoma peke yake na robo ya hesabu peke yake, bila jumla. Mtu anajumlisha. Huwezi kujumlisha.

DEO: Kwa nini? Mia saba na mia saba si elfu moja mia nne?

SAUMU: Chukua watoto wawili. Asha ana 700 ya kusoma na 800 ya hesabu. Juma ana 800 ya kusoma na 700 ya hesabu. Kila mmoja ana ngapi?

DEO: 1500 wote.

SAUMU: Sasa maksi ya chini kwenye kusoma ni 700, ya Asha. Ya chini kwenye hesabu ni 700, ya Juma. Jumlisha, umepata 1400, na hakuna binadamu mwenye 1400 hapo ndani.

DEO: Ahaa, anayeshika mkia kusoma siyo anayeshika mkia hesabu.

SAUMU: Basi. Ukijumlisha robo za chini kwa kawaida unakishusha chuo kuliko kilivyo, ukijumlisha za juu unakipandisha. Mzazi atumie mstari wa jumla kama upo, kama haupo alinganishe hesabu kwa hesabu, kusoma kwa kusoma.

DEO: Na hapo kwenye hesabu MIT si ndo anaua?

SAUMU: Hapo MIT ana hoja yake kweli, tusimnyime. Robo ya chini ya hesabu pale inaanza huko 780, robo ya juu ni 800 kavu. Na ina sababu, maana pale kila mwanafunzi, hata aliyekwenda kusoma muziki, lazima apite mihula miwili ya kalkulasi na mihula miwili ya fizikia. Ndo maana Machi 2022 wao wakawa wa mwanzo kurudisha SAT kuwa lazima, wakasema bila hizo maksi wanashindwa kujua nani ataweza hesabu za mwaka wa kwanza. 2024 wakafuata Dartmouth, Yale, Brown, Harvard, Caltech. Yale wao unaweza kutuma maksi za AP au IB, mitihani mingine ya sekondari, badala yake. Columbia wakabaki na hiari.

DEO: Na California?

SAUMU: Berkeley na UCLA na wenzao wote wa University of California hawaangalii kabisa. Ukituma hawaifungui kwenye kukuchagua. Ni tangu 2021, kulikuwa na kesi wakamalizana. Kwa hiyo kama kwenye Excel ya baba kuna Berkeley ina maksi, hizo ni za enzi hizo, afute.

DEO: Dada mi nataka nirudi kwenye neno lako la mchujo, maana umeniambia nje kabla hatujarekodi.

SAUMU: Ah, hilo ndo linanikera zaidi. Deo, Ilboru ikiongoza matokeo utasema walimu wa Ilboru ni wakali kuliko wa shule ya kata kule kwenu?

DEO: Siwezi kujua, maana Ilboru ni vipaji maalumu, wanapelekewa vichwa tayari.

SAUMU: Wanapelekewa vichwa. Inawezekana walimu ni wazuri sana, lakini matokeo peke yake hayakuambii, maana hujui waliingia na nini. NECTA wenyewe Januari 2023 waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, wakagombezwa mitandaoni, mimi niliwaunga mkono. Sasa SAT ni mbaya zaidi kwa kazi hiyo, maana mtoto anaifanya kabla hajakanyaga chuo! Angalau NECTA inapima baada ya kufundishwa. Maksi ya SAT ya Harvard ni maksi ya shule za sekondari na mifuko ya wazazi, Harvard yenyewe haijafundisha hata herufi.

DEO: Mifuko unamaanisha tuisheni?

SAUMU: Tuisheni, kurudia mara tatu mara nne, halafu vyuo vingi vinachukua sehemu bora ya kila mara uliyofanya, hesabu ya Machi na kusoma ya Oktoba, wanakuunganishia. Mwenye pesa ya kurudia anafaidi. Lakini nisiwe mnafiki, upande wa pili upo pia. Mchumi Raj Chetty na wenzake walitoa utafiti 2023, wakachukua watoto wenye maksi sawasawa, wakakuta mtoto wa ile asilimia 1 ya matajiri wa juu ana nafasi zaidi ya mara mbili ya kuingia vyuo kama vya Ivy, yaani kina Harvard na Yale, kuliko mtoto wa familia ya kati. Maksi sawa! Kwa hiyo siyo SAT peke yake inayowabeba, kuna mzazi aliyesoma palepale, kuna michezo ya kitajiri, kuna barua nzuri za shule za ada kubwa.

DEO: Kwa hiyo ukiondoa SAT unaweza kumuumiza maskini?

SAUMU: Dartmouth ndo walichokikuta. Watoto wa familia za chini walikuwa wanaficha maksi za 1400 hivi wakidhani ni aibu, kumbe ofisi ya udahili ikiona 1400 kutoka shule dhaifu inaamka, inasema huyu mtoto ni moto. Kwa hiyo namba ina maana ukiisoma pamoja na alikotoka. Kwa mtoto mmoja inafaa, ila ukitaka kupangia vyuo ligi haikusaidii.

DEO: Ndo kama wale KenSAP wa Kenya.

SAUMU: Hao hao. John Manners na Mike Boit, yule mkimbiaji wa shaba ya mita 800 Munich 1972, walianza 2004 kuchukua vijana wa familia maskini waliofanya vizuri KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, wanawanoa SAT na aplikesheni, wamewapeleka mpaka Harvard na Yale. Kijana hajawahi kuona aina ile ya maswali maishani, hawezi kuwa sawa na mtoto wa Boston aliyeanza kuyafanyia mazoezi akiwa na miaka kumi na tatu.

DEO: Na tuseme ukweli, hata vyuo vyenyewe si vilishawahi kudanganya hizi namba?

SAUMU: Weee! 2012 hiyo. Januari, chuo cha Claremont McKenna wakatangaza kuwa ofisa wao mkubwa wa udahili amekuwa akipandisha maksi tangu 2005. Na siyo kwa kiasi kikubwa, wastani kama pointi 10, 20.

DEO: Zilezile tunazogombania!

SAUMU: Zilezile. Agosti mwaka huohuo chuo cha Emory nao wakasema wamekuwa wakipeleka maksi za waliokubaliwa badala ya za waliokuja kusoma. Mjanja yule, maana mwenye 1580 anakubaliwa vyuo saba anakwenda kimoja, vile sita vingine vyote vinaweza kujisifia naye.

DEO: Aisee. Sasa baba afanye nini na Excel yake?

SAUMU: Asiifute. Ile safu ya maksi abaki nayo kwa kazi moja, kuona mtoto anaangukia wapi, akiwa ndani ya nusu ya katikati aplai, akiwa chini kidogo na shule yake ni ya kawaida aplai pia. Aongeze safu ya asilimia ya waliotuma. Halafu aongeze safu ambayo kwa Mtanzania ni kubwa kuliko zote, je chuo kinamwangalia mtoto wa nje bila kujali uwezo wa kulipa, na kikimkubali kinamalizia pesa yote? MIT, Harvard, Yale, Princeton, Amherst, hao ndiyo. Vingi vingine vikiona umeomba msaada mkubwa nafasi yako inapungua, hata uwe na 1550.

DEO: Na vyuo avipangeje?

SAUMU: Kwa alfabeti.

DEO: Hahaha. Haya swali la mwisho, dada mmoja wa Mwanza anasema mwanae kafanya ACT siyo SAT, kapata 34, anauliza hiyo ni ngapi kwa SAT.

SAUMU: Kwenye jedwali lao la kubadilisha, 34 inakaa kwenye 1500. Vyuo vinapokea zote mbili bila upendeleo, asirudie tena SAT kwa ajili ya hilo, hiyo pesa alipie nauli ya kufuata transkripti shuleni maana dedilaini nyingi ni tarehe za mwanzo wa Januari na huko maofisini Desemba watu wanakuwa likizo.

DEO: Umesikia dada wa Mwanza, Novemba uwe umeshaishika mkononi. Tukutane wiki ijayo.