Jimbo au Serikali Kuu: Nani Amekushtaki?

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Leo tuna swali kutoka Ohio, Marekani. Mdogo wake msikilizaji wetu aliwahi kufungwa zamani, hivyo haruhusiwi kuwa na silaha, na sasa amekutwa na bastola ndani ya gari. Polisi wa mji wakamkamata, akakiri kosa mahakama ya jimbo. Kabla hajatulia, serikali kuu nayo ikamfungulia kesi kwa bastola ileile. Dada mtu anauliza, huku si kuadhibiwa mara mbili?

BARAKA: Pole sana dada. Mahakama ya Juu ya Marekani imeshalijibu swali hilohilo, na jibu litamuuma. Mwaka 2019, kesi ya Terance Gamble wa Alabama. Bastola moja, kusimamishwa barabarani mara moja, kesi mbili. Majaji saba kati ya tisa walisema inaruhusiwa.

REHEMA: Lakini Katiba yao si inakataza kumshtaki mtu mara mbili kwa kosa lilelile?

BARAKA: Inakataza. Ila mahakama hiyo inatazama sheria iliyovunjwa ni ya nani. Alabama ina sheria zake, serikali ya Washington ina zake, na kila moja ni mamlaka kamili. Kitendo kimoja, makosa mawili. Mimi niko upande wa majaji wawili waliopinga, Ginsburg na Gorsuch. Mamlaka yawe mawili, sawa, lakini anayefungwa ni mtu mmoja.

REHEMA: Hapo sikubaliani nawe, kaka. Kumbuka Los Angeles mwaka 1992. Polisi wanne waliompiga Rodney King, dereva Mweusi, mkanda wa video dunia nzima imeuona, na mahakama ya jimbo haikumtia hatiani hata mmoja. Mji ukawaka moto. Ni serikali kuu iliyowashtaki upya kwa kukiuka haki zake za kiraia, na mwaka 1993 wawili wakapatikana na hatia. Ungewaambia nini watu wa pale kama kesi ya pili ingekuwa haramu?

BARAKA: Ningenyamaza. Kwa kesi kama ile nakuelewa. Hata Derek Chauvin, polisi aliyemuua George Floyd, jimbo la Minnesota lilimpa miaka 22 na nusu, serikali kuu ikampa 21, na anavitumikia vifungo vyote kwa pamoja. Shida yangu ni huyu kijana wa bastola.

REHEMA: Sasa mtu atajuaje ameshtakiwa na nani? Nyumbani Dar au Nairobi tumezoea kusoma "Jamhuri dhidi ya fulani", basi. Mzanzibari labda atashika upesi, maana kule wana mkurugenzi wao wa mashtaka na Mahakama Kuu yao.

BARAKA: Asome juu ya hati ya mashtaka. Ikiandikwa "Jimbo la Ohio dhidi ya", ni ya jimbo. Ikiandikwa "Marekani dhidi ya", ni ya serikali kuu. Kupigana, wizi wa dukani, mauaji mengi, hizo kwa kawaida ni za jimbo. Utapeli wa kupitia posta au intaneti, wizi wa benki, makosa ya uhamiaji, dawa za kulevya zinazovushwa mipaka, Washington huingia.

REHEMA: Na kifungo chenyewe?

BARAKA: Kwa makosa ya kuanzia Novemba 1987, serikali kuu haina paroli, yaani kuachiliwa mapema kwa masharti. Kuna punguzo la tabia njema, lisilozidi siku 54 kwa mwaka. Na msamaha wa rais haugusi kesi ya jimbo hata kidogo. Huko mtu anahangaika na gavana.

REHEMA: Niwaombe jambo, ndugu zangu wenye grini kadi, kile kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu. Bangi inauzwa dukani Colorado, mchana kweupe, lakini sheria ya serikali kuu bado inaikataza, na uhamiaji wanafuata hiyo. Ukimwambia afisa wao kwamba unavuta, ombi lako la uraia linaweza kukwama hata kama hujawahi kukanyaga mahakamani.

BARAKA: Na kabla hujakiri kosa lolote, muulize wakili litafanya nini kwenye makaratasi yako ya uhamiaji. Tangu kesi ya Padilla katika Mahakama ya Juu, mwaka 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kukuonya kuhusu kufukuzwa nchini.

REHEMA: Tumrudie kijana wetu. Afanye nini wiki hii?

BARAKA: Wakili aliyepewa na jimbo kwa kawaida hamfuati mahakama ya serikali kuu. Akifikishwa huko, kama hana uwezo, aombe apewe mwingine. Mpaka ampate, asijibu maswali ya wapelelezi. Kumdanganya mpelelezi wa serikali kuu ni kosa jingine peke yake, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano.