Fanya adb iwake yenyewe kila ukiwasha kompyuta

Haya mafundi wenzangu wa Mtwara, Lindi na kokote mnakonicheki, leo tumalize kale kausumbufu ka kila asubuhi ka adb, ile programu ya kompyuta ya kuongea na simu za Android kupitia waya. Unafungua fremu, mteja katoka Tandahimba na gari la alfajiri kashakaa kwenye benchi, unachomeka simu yake unaandika adb devices, inakujibu daemon not running, yaani sava ya adb bado haijawaka, unasubiri. Na msimu wa korosho simu zinakuja kwa fujo, umeme ukikatika mara tatu basi kompyuta ya mezani unaiwasha mara tatu na hiyo adb nayo hivyo hivyo.

Najua kuna mtu atasema mbona ukiiita tu inawaka, kweli, ila kuna programu zinagonga tu mlango namba 5037 pale sava ya adb inaposikiliza, zikikuta hamna mtu ndani zinakwambia hakuna simu, unabaki unalaumu waya.

Kwanza simu. Nenda About phone, gonga Build number mara 7, kwenye Samsung imejificha ndani ya Software information, halafu rudi Developer options washa USB debugging. Ukimrudishia mteja simu yake izime jamani, usimwachie mlango wazi.

Sasa Windows. Ile folda ya platform-tools, yenye adb ndani, iweke moja kwa moja kwenye C, fungua Notepad uandike hivi:

@echo off
cd /d C:\platform-tools
adb start-server

Seviu kwa jina washa_adb.bat, na pale chini chagua All files, la sivyo itakuwa .bat.txt na haitafanya kitu. Na usiiite adb.bat! Mimi niliiita hivyo, tena sikuweka ule mstari wa cd, kompyuta ikawaka na kidirisha cheusi kikang'ang'ania hapo hakifungi, kumbe faili linajiita lenyewe, linajiita tena, mpaka nikalifunga kwa nguvu. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika shell:startup, bandika faili lako humo, zima washa. Kidirisha kitatokea kidogo kipotee, ndio imeshawaka hiyo. Wengine wanahangaika na Task Scheduler, kwa kazi ya fremu naona ni kujichosha tu.

Wa Ubuntu, hapa nisikilizeni vizuri. Tengeneza faili ~/.config/systemd/user/adb.service, ndani weka:

[Service]
Type=forking
ExecStart=/usr/bin/adb start-server

[Install]
WantedBy=default.target

Kisha systemctl --user enable --now adb. Itawaka ukishaingia na paswedi yako, ukitaka iwake hata kabla hujaingia ongeza loginctl enable-linger.

Ile --user usiiruke. Mimi zamani niliiwasha kwa root, ile akaunti kuu ya mfumo, nikaona mambo safi, siku hiyo ikaja simu kioo kimekufa kabisa, mwenyewe anataka picha za harusi, nami nilishawahi kuiunganisha na kompyuta hiyo hiyo nikaweka tiki ya Always allow, nikajua kazi nyepesi. Ikaleta unauthorized. Yaani root ana funguo zake na mimi nina zangu kwenye ~/.android, simu ikaona kompyuta ngeni ikawa inauliza ruhusa kwenye kioo kisichoonyesha kitu, sasa nagonga wapi? Nikaua ile ya root kwa sudo adb kill-server, nikaiwasha kwa jina langu, simu ikafunguka.

La mwisho, ukiona maneno doesn't match this client na killing, una adb mbili za matoleo tofauti zinauana. Kwenye Windows andika where adb, ikileta njia zaidi ya moja weka zote toleo moja, ugomvi utaisha.