Jogoo wa Saa Nane Usiku: Bajeti Ndogo na Hukumu ya Mtazamaji

[Muziki wa kufungulia]

REHEMA: Karibuni tena. Leo nina karatasi yenye vipengele vinne kuhusu filamu za bajeti ndogo, na Baba Nasra ameniahidi tutavimaliza vyote.

BABA NASRA: Tutavimaliza, inshallah. Ila kwanza nitoe la Jumamosi, maana limenikaa hapa kooni.

REHEMA: Haya, litoe.

BABA NASRA: Nilikwenda kuangalia filamu ya vijana wetu wa hapa hapa Dar. Jina nitalihifadhi, bado wanahangaika nayo. Tiketi shilingi 10,000, ukumbi umejaa. Na hadithi nzuri, dada, nzuri kweli! Mama anamsubiri mwanawe aliyetoroka nyumbani. Saa nane usiku, kandili inawaka, anaongea peke yake. Yule mama anajua kuigiza. Mimi machozi yananilengalenga. Mara jogoo akawika.

REHEMA: [anacheka] Saa nane hiyo?

BABA NASRA: Akawika tena! Ikapita na bodaboda. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mama wa watu pale kwenye skrini analia. Niliumia kwa ajili yake. Tunatoka nje, nawasikia watu: "Tuwaelewe jamani, hela hawana." Hapo ndipo nilipokasirika. Jogoo anahusikaje na hela? Si unasubiri anyamaze, unashuti?

REHEMA: Ngoja. Hapo unagusa kazi yangu. Wasikilizaji wetu wanajua nimeshika maiki kwenye seti. Nikwambie kwa nini jogoo aliwika saa nane?

BABA NASRA: Niambie.

REHEMA: Kwa sababu haikuwa saa nane. Naweza kuapa ilikuwa asubuhi, madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi. Ukishuti usiku wa kweli, watu wote hao unawarudishaje nyumbani? Daladala hakuna, inabidi ukodi gari. Wengine watataka kulala hapo, na kula. Kwa hiyo usiku wa filamu unatengenezwa mchana, kwenye nyumba ya kuazima, na jirani anafuga kuku.

BABA NASRA: Sawa, subiri kuku.

REHEMA: Kamera imekodiwa kwa siku. Taa nazo. Mwenye nyumba anataka sebule yake saa kumi. Ukisubiri jogoo robo saa, ukasubiri bodaboda, ukasubiri muadhini, umepoteza tukio zima. Mwongozaji anakuuliza, "Sauti vipi?" Wewe unajua si safi, unamtazama usoni, unajua akirudia hii, ile ya mwisho haitashutiwa. Unasema, "Twende." Baba Nasra, ukimya unanunuliwa. Kwenye filamu kubwa kuna mtu analipwa kwenda kuzungumza na jirani mwenye jenereta.

BABA NASRA: Basi rudisheni sauti baadaye. Robert Rodriguez huyu hapa, mwongozaji Mmarekani wa Texas. Filamu yake El Mariachi, 1992, kama dola 7,000. Kamera yake ilikuwa na kelele, akashuti picha bila sauti. Akimaliza tukio, anawasogeza waigizaji mbele ya maiki, wanarudia maneno yale yale papo hapo, halafu anayalinganisha na midomo kwenye uhariri. Hiyo ni akili, na akili haikodishwi kwa siku!

REHEMA: Na kampuni ya filamu ya Columbia Pictures walipoichukua, walitumia hela nyingi kupita hizo 7,000 mara kadhaa, kuihamishia kwenye mkanda wa milimita 35, ule wa kumbi za sinema, na kuirekebisha sauti. Sauti, Baba Nasra! Watu walioiona kwenye kumbi za sinema hawakuiona filamu ya dola 7,000.

BABA NASRA: Lakini Columbia walichukua kitu ambacho tayari kilikuwa kizuri.

REHEMA: Sikatai.

BABA NASRA: Basi umekubali.

REHEMA: Sijakubali. Nasema vijana wako wa Jumamosi hawana wa kuja kuwamalizia. Wewe unawapima kama waliomaliziwa.

BABA NASRA: Nawapima kwa elfu kumi yangu, ile ile ninayolipa kuona filamu ya Hollywood. Fundi cherehani akikushonea gauni mkono mmoja mfupi, akuambie kitambaa hakikutosha, utalipa?

REHEMA: Gauni nitalirudisha. Filamu siyo gauni. Hebu tuende Kampala. Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G., pale Wakaliga, 2010. Inatajwa kuwa filamu ya dola 200. Kompyuta aliunganisha mwenyewe, silaha zimetengenezwa kwa vyuma chakavu. Unaipenda au huipendi?

BABA NASRA: Naipenda sana! Na niliipenda kabla sijasikia habari ya dola 200. Inakwenda mbio, wale vijana wanapiga mateke ya kweli, na VJ Emmie, yule msimulizi, anapiga kelele juu ya picha mwanzo mwisho. Kinachoniudhi ni wageni wanaotaja dola 200 kabla hawajasema neno kuhusu filamu yenyewe. Wanasifia umaskini. Yule bwana ni mwongozaji, anajua mahali pa kukata picha.

REHEMA: Unajua kwa nini tunaiona ikiwa na VJ Emmie tu?

BABA NASRA: Kwa sababu Uganda ndivyo wanavyoangalia. Kama sisi na Lufufu, mtafsiri wetu wa filamu, kwenye vibanda umiza! Aisee, Lufufu. Mimi kuna filamu za Kihindi mpaka leo nazikumbuka kwa sauti yake, maneno ya waigizaji siyajui kabisa. Na Kenya wana DJ Afro. Dada, kibanda kimejaa, joto, benchi la mbao, jenereta linanguruma nje, kuku pia wapo...

REHEMA: Jogoo tena!

BABA NASRA: Yumo! Na hakuna aliyelalamika, kwa sababu Lufufu alimzidi sauti.

REHEMA: Asante, umenisaidia. Maana ile nakala ya Captain Alex isiyo na VJ haipo. Nabwana aliifuta, kompyuta haikuwa na nafasi ya filamu nyingine. Kwa hiyo hicho unachokipenda kimeletwa kwako na ukosefu wa hela. Utaihukumuje ukiwa umeiweka bajeti nje ya mlango?

BABA NASRA: Mimi sihukumu kilichofutwa. Nahukumu kilichopo.

REHEMA: Na kilichopo kina bajeti ndani yake.

BABA NASRA: Kila kitu kina bajeti ndani yake! Hata filamu mbovu ya dola milioni 200. Mbona ile hatuionei huruma?

REHEMA: Huruma siitaki hata mimi. Nataka anayeandika uhakiki ajue kipi kilikuwa uamuzi na kipi kilikuwa kukosa njia. Ukiviweka kapu moja unamfundisha nini yule mwongozaji?

BABA NASRA: Mtazamaji si mwalimu. Amekuja kuangalia.

REHEMA: Hapo hatutaelewana.

BABA NASRA: Hatutaelewana, kweli.

REHEMA: Na huku nje ya kioo naonyeshwa vidole viwili, dakika mbili. Baba Nasra, vipengele vyangu vinne!

BABA NASRA: Tumefika cha ngapi?

REHEMA: Hata cha kwanza hatujakifunga. Kulikuwa na majaji wa matamasha, kulikuwa na simu kutumika kama kamera... basi, haiwezekani tena.

BABA NASRA: Wiki ijayo nakuja na hoja ya tiketi, nzima nzima.

REHEMA: Njoo nayo. Mimi nakuja na risiti ya kukodi kamera.

[Muziki]