Ramani za jeni za mbu wetu watatu: mhadhara uliotolewa Kisumu

Wazee wetu, walimu, wanafunzi, na ninyi wahudumu wa afya wa vijijini mliotoka Bondo na Ahero, hamjambo. Leo nazungumzia mbu watatu wanaotuletea malaria pande hizi, na jinsi ramani ya jeni za mmoja inavyotusaidia kumsoma mwenzake. Inasaidia sana, ila ukiifuata kwa kufumba macho itakupoteza.

Hao watatu ni Anopheles gambiae, Anopheles arabiensis na Anopheles funestus. Gambiae na arabiensis hata mtaalamu hawezi kuwatenganisha kwa macho, lakini tabia zao haziko sawa. Gambiae hupenda damu ya mtu na kupumzika ndani ya nyumba. Arabiensis, mbu wa majaruba ya mpunga, huuma ng'ombe pia, na mara nyingi hubaki nje ambako chandarua hakimfikii. Funestus ni ndugu wa mbali zaidi, hutaga kwenye maji ya kudumu yenye majani.

Sasa tuingie ndani ya mbu. Chukua jike aliyekunywa damu jana, mayai yake yamefika nusu ya kukomaa. Mtoe ovari, zihifadhi kwenye mchanganyiko wa alkoholi na asidi ya siki, kisha uzitie tone la asidi ya propioniki, ufunike kwa kioo chembamba na kukandamiza kwa kidole gumba. Katika seli zinazolisha mayai, kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, zimejinakili mara nyingi bila kuachana, zikanenepa, na hadubini inakuonyesha mistari myeusi na myeupe. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ramani yetu ya kwanza. Mwitaliano Mario Coluzzi na wenzake waliisoma kwa subira ya ajabu. Kwenye kromosomu X ya gambiae na ya arabiensis kuna vipande vilivyokatika, vikageuka, vikaunganika tena. Ni kama upande matatu ya Busia, halafu baada ya Kisian makanga, badala ya Maseno, Luanda, Yala, aanze kuita Yala, Luanda, Maseno, ndipo Ugunja. Steji ni zilezile, mpangilio umepinduka.

Kwa funestus mambo yamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2002, mwaka uleule jenomu ya gambiae, yaani ramani ya jeni zake zote, ilipochapishwa, ulinganisho wa mbu hawa wawili ulionyesha kwamba mikono mizima ya kromosomu ilibadilishana mahali. Kila mkono huitwa kwa namba ya kromosomu na herufi ya upande, L kushoto, R kulia. Mkono wa gambiae uitwao 2L, kwa funestus ni 3R. Na 3R ya gambiae ni 2L ya funestus. Jeni nyingi zimebaki kwenye mkono wake wa asili, lakini ndani ya mkono huo zimechanganyika vibaya.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Jeni ya mlango wa sodiamu katika neva, ambao dawa ya vyandarua vyetu huushambulia, iko 2L kwa gambiae. Mwaka 2000 ilielezwa kwamba kwa gambiae wa Kenya jeni hiyo ina badiliko dogo: katika protini yake asidi amino moja, lusini, imekuwa nyingine, serini, na mbu huyo hustahimili dawa. Anayeitafuta jeni hiyohiyo kwa funestus aende 3R.

Mkono wa 2R, kwa bahati, haukuhama. Watafiti walipokuwa wakitafuta chanzo cha usugu wa funestus kwa dawa, alama za jeni walizozifuata ziliangukia 2R, kwenye kundi la jeni za vimeng'enya vinavyovunja sumu. Kundi hilohilo lipo 2R ya gambiae. Kwa gambiae tunaijua jeni iitwayo CYP6P3. Kwa funestus ni CYP6P9a na CYP6P9b. Hapo ramani ya ndugu mmoja ilifupisha safari ya miaka, na mimi naiona kuwa kazi nzuri kupita nyingi katika fani hii.

Ninyi wa vijijini mtauliza, chandarua kipi basi? Vile vilivyoongezwa PBO, kemikali inayosaidia dawa, huzima vimeng'enya hivyo, na dawa hupata nguvu tena. Badiliko la mlango wa sodiamu PBO hailigusi kabisa. Kwa hiyo mbu wa kijiji chenu wapimwe kote kuwili, vimeng'enya na mlango wa sodiamu, spishi kwa spishi, kabla vyandarua havijaagizwa.