Gari Lisilo na Soko: Hasara Huanza Siku ya Kununua

Ndugu zangu, habari za jioni. Mada ya leo ni magari yasiyo na soko: bei yake hushukaje, na mwenye nalo afanye nini asiumie. Hesabu zangu nyingi ni za Dar es Salaam. Pale utaratibu wa Kenya unapotofautiana nitasema.

Chukua Toyota IST na Mazda Verisa, umri mmoja, rangi moja, kilomita zinakaribiana. Mpelekee dalali. IST atakutajia bei hata hujazima injini. Verisa ataizunguka kwanza, atauliza spea zake zinapatikana wapi, halafu atataja bei ya chini na kumalizia kwa neno moja: "Itakaa." Neno hilo ndilo mada yetu. Dalali hajasema gari ni bovu. Amesema mnunuzi atakayefuata ataogopa, na woga huo ameshaupigia hesabu na kuutoa kwenye pesa yako.

Woga wenyewe unatoka wapi? Kwanza ni spea. Injini ya IST ya 1500, ile 1NZ-FE, ndiyo iliyomo kwenye Probox, Raum, Sienta, Fielder na Allion za 1500. Mwenye duka la spea mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, akiweka pampu ya maji ya injini hiyo, anajua wateja wa magari sita tofauti wataifuata, kwa hiyo haikai rafuni. Gari lisilo na wenzake barabarani halina bahati hiyo. Spea ikikosekana huagizwa, gari linalala gereji, na mwenye gari anapanda bodaboda. Pili ni fundi. Fundi aliyefungua injini moja mara mia hufanya kazi kwa kumbukumbu ya mikono. Asiyeijua hujifunzia kwenye gari lako. Tatu, ambalo watu hulisahau, mnunuzi naye atakuja kuwa muuzaji. Anajua atakutana na dalali yuleyule.

Mara nyingi woga huwa mkubwa kuliko tatizo. Verisa imejengwa juu ya Mazda Demio ya DY, kwa hiyo mwenye Verisa anayetafuta spea kwa jina la Demio hapati taabu kama anayeulizia Verisa. Lakini soko halilipi ukweli usioujua. Ni kazi ya mwenye gari kuujua na kuuonyesha.

Sasa nije kwenye kodi, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteza fedha bila kujua. Ukiingiza gari Tanzania unalipa ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na bima na usafiri. Injini ikiwa kati ya sisi 1001 na 2000 kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5. Kisha kuna ushuru wa uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 asilimia 15, lililozidi miaka 10 asilimia 30. Juu ya hayo yote VAT asilimia 18. Tupige hesabu kwa gari la zaidi ya miaka 10 lenye thamani ya 100. Forodha 25, tunafika 125. Ushuru wa bidhaa 6.25, uchakavu 37.5, tunafika 168.75. VAT yake 30.4. Jumla 199, na tozo ndogondogo bado. Kodi peke yake inalingana na gari.

Na thamani hiyo ya 100 haitoki kwenye risiti yako. TRA wana mfumo wao wa kukadiria magari yaliyotumika. Kenya wana orodha ya bei ya gari likiwa jipya, kisha wanaipunguza kwa umri. Maana yake ni hii: gari ambalo soko limelishusha haraka, mathalani la Ulaya lililokuwa ghali lilipotoka kiwandani, linatozwa kodi kwa thamani ambayo mnunuzi wa mtaani haitambui. Wewe umefurahi kulipata kwa bei ya kutupwa mnadani Japani, lakini punguzo lile halikuvuka bahari pamoja na gari. Umelipa kodi ya gari la thamani, na utaliuza kama gari lisilo na soko. Pesa hiyo harudishi mtu.

Kwa hiyo naliweka wazi: gari la chapa isiyo na soko usiliagize wewe. Linunue likiwa limeshasajiliwa hapa, limeshatembea miaka miwili mitatu, na mwenye kuliagiza ameshaibeba hasara ile. Najua watu hupenda gari ambalo halijawahi kuwa na mmiliki hapa nyumbani. Kwa IST au Harrier sina ubishi nao. Kwa magari tunayoyazungumza hapa, raha hiyo ni ghali mno.

Angalieni mfano huu, tarakimu ni za kufundishia tu. Gari lenye soko limenunuliwa milioni 16, likauzwa baada ya miaka minne milioni 12. Hasara milioni 4, asilimia 25. Gari lisilo na soko limenunuliwa mkononi milioni 10, likauzwa milioni 6. Asilimia 40, inatisha, lakini hasara kwa shilingi ni ileile milioni 4, na muda wote huo milioni 6 zako hazikufungwa kwenye bati. Sasa mtu mwingine kaliagiza gari hilohilo, likamgharimu milioni 14. Miaka minne baadaye naye anauza milioni 6. Kapoteza milioni 8 kwa gari lilelile na barabara zilezile. Kilichotofautiana ni siku ya kununua. Acheni kuhesabu kwa asilimia. Hesabuni shilingi zilizotoka mfukoni na zilizorudi.

Bei ya kweli utaijuaje? Bei ya tangazo ni matumaini ya muuzaji. Tazama tangazo limekaa muda gani: lililorudiwa miezi mitatu linakuambia bei hiyo haipo. Halafu wapigie madalali watatu kama mtu anayeuza, taja modeli, mwaka na herufi ya namba ya usajili, uliza wangetoa taslimu ngapi leo. Jibu la chini kati ya hayo ndiyo sakafu, na bei yako ya kununua isipande sana juu yake. Kuhusu herufi: watu wanalipia namba E kuliko D, na D kuliko C, lakini herufi inasema gari limesajiliwa lini hapa nchini. Mwaka wa kutengenezwa unaupata kwa namba ya chesisi.

Nije kwenye uzima, maana yapo magari yaliyochukiwa kwa haki. Pajero iO yenye injini ya GDI inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na pampu yake ya presha kubwa inalainishwa na petroli hiyohiyo. Mafuta yakiwa na uchafu, pampu inalika ndani, presha inashuka, injini inatetemeka ikiwa imesimama na inakosa nguvu mlimani. Toyota haikusalimika na woga wa aina hiyo. Brevis ni Toyota kamili, lakini injini yake ya D-4 inapuliza petroli kwa njia hiyohiyo, na wanunuzi wengi wanaikimbia. Soko halihukumu jina peke yake.

Golf na Polo nyingi za Volkswagen zina gia boksi ya DSG ya gia 7 yenye klachi kavu, inayoitwa DQ200. Kwenye foleni za mjini, kusogea kidogo kidogo kwa saa nzima kunachemsha klachi, na kitengo chake cha umeme na haidroliki kinasumbua. Kabla ya kununua, liendeshe kwenye foleni, siyo asubuhi barabara ikiwa tupu. Likiruka au kugonga kati ya gia ya 1 na ya 2, achana nalo, au punguza bei kwa gharama ya gia boksi nzima.

Nissan Dualis naomba niikalie kidogo, kwa sababu imeharibiwa jina na kosa linaloepukika. Ina gia boksi ya CVT: hakuna gia za kupanda na kushuka moja moja, kuna puli mbili na mkanda wa chuma unaobanwa kwa presha ya oili. Oili yake ni NS-2. Fundi akiweka oili ya kawaida ya otomatiki kwa sababu "zote ni oili", mkanda unaanza kuteleza juu ya puli, chuma kinasagika, na chuma hicho kinazunguka na oili hadi kwenye vali. Utasikia mlio kama wa nyuki unaopanda na mwendo, baadaye gari linakataa kupanda kilima likipata joto. Badilisha oili kila kilomita 40,000 hadi 60,000. Ukifungua nati ya chini hutoka takriban lita 4 tu, nyingine inabaki ndani, kwa hiyo gari ambalo huijui historia yake limwagwe, liendeshwe siku chache, limwagwe tena. Ukishusha sampo, zitazame sumaku zilizomo. Tope laini la kijivu, ukilisugua vidoleni halikwaruzi, ni uchakavu wa kawaida. Ukihisi punje au ukaona visahani vinavyong'aa, gia boksi hiyo inakwenda, na mtu asikuuzie gari hilo kwa bei ya gari zima.

Piga picha ya sumaku hizo na ya kopo la oili lililotumika, iwe na tarehe na kilomita. Weka risiti zote kwenye bahasha moja. Kwenye IST hakuna atakayeziuliza. Kwenye Dualis, bahasha hiyo inamtuliza mnunuzi kuliko kupiga rangi upya, na ni ya bure.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaijui: magari ndugu. Viwanda vya Japani huuziana magari na kubadilisha nembo tu. Daihatsu Boon ni Toyota Passo. Daihatsu Be-go ni Toyota Rush. Subaru Trezia ni Toyota Ractis ya toleo la pili. Toyota bB ya pili ina ndugu wawili, Daihatsu Coo na Subaru Dex. Mazda Familia Van ilikuwa Nissan AD, na kuanzia 2018 ikawa Toyota Probox. Hapa soko linaogopa nembo wakati chuma cha ndani ni kilekile. Unanunua kwa bei ya woga, unatengeneza kwa spea za Toyota au Nissan. Tofauti huwa kwenye bampa, grili na baadhi ya taa, kwa hiyo bima kubwa ni muhimu, maana ajali ndogo ya mbele ndiyo itakayokusumbua. Na kila mwaka unapohuisha bima shusha thamani iendane na soko. Ukiacha ya zamani unalipia gari ambalo halipo tena.

Wenye chapa ambazo wakala wake ameondoka wanahitaji tahadhari ya ziada. Mwaka 2017 Isuzu ilinunua hisa za General Motors kwenye kampuni yao ya Nairobi, ikawa Isuzu East Africa. Mwenye Chevrolet, chapa ya General Motors, aliamka akiwa na gari ambalo jina lake halipo tena mlangoni. Saab ilifilisika Sweden mwaka 2011. Ukisikia habari ya aina hiyo, nunua mapema vitu vinavyovunjika: taa, kioo cha mbele, saiti mira, sensa. Filta na breki hazina shida, watengenezaji wa nje wataendelea nazo.

Kuna dada ameleta swali kwa karatasi: amekwama na gari la namna hii, analiuza miezi minne, afanye nini?

Dada yangu, kwanza acha kumtafuta mnunuzi wa kila gari. Nenda kwenye makundi ya WhatsApp ya wamiliki wa modeli hiyo. Wao hawana woga, wanajua fundi ni nani. Pili, safisha karatasi: faini za trafiki na madeni ya maegesho, vyote huangaliwa kwa namba ya gari. Kadi iwe kwa jina lako, funguo zote mbili ziwepo. Tatu, lipime kwa kompyuta, mpe mnunuzi matokeo, pamoja na namba ya fundi wako na ya duka unalonunua spea. Kasoro iliyopo itaje na bei yake ya kutengeneza, usimwache aikisie, maana atakisia juu. Nne, shusha bei mara moja kwa kiasi kinachoonekana. Ukipunguza laki mbili mbili kila mwezi, watu wanasubiri tu uendelee kushuka.

Na kama gia boksi imekufa, ulizia kwanza bei ya vipande. Kwa gari adimu, milango, taa, injini nzima na kontrol boksi vinaweza kuzidi bei ya gari likiwa limesimama, kwa sababu wenzako wachache waliobaki barabarani wanavitafuta. Hapo ufute usajili TRA kwanza, ndipo spana iguse bolti.