"Dada, mbona unatetemeka na bado unashindana?" Nawajibu kuhusu Meku

Haya jamani, habari za siku. Leo sipo Leeds, Uingereza, nipo Kibosho nyumbani kwa mama. Nimekaa kwenye ngazi za jikoni kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Jogoo akiwika mvumilieni, hapa ni kwake. Na msiniambie nigeuze kamera niwaonyeshe Kibo, mlima umejifunika tangu asubuhi.

Swali mnaloniuliza kila wiki ni hili: "Dada, kwenye ile video ya mashindano ya farasi mikono ilikuwa inatetemeka, na farasi mwenyewe mwoga, sasa unashindanaje?" Na chini yake hakosi mmoja wa kuandika, "Watu wanatafuta ada, wewe unacheza na farasi." Nianze na huyo, maana nisipomjibu hamtanisikiliza.

Farasi mwenyewe, Meku, si wangu. Ni wa mama mmoja ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee. Binti yake alikwenda chuo, poni, yaani farasi wa kimo kifupi, akabaki hana wa kumpanda, na mimi ni mwembamba, kilo 54. Nalipa pauni 25 kwa wiki, napewa siku mbili. Siku hizo mbili nazoa kinyesi, nabeba ndoo za maji, nasugua matope, mvua inyeshe isinyeshe, wakati mwingine nimetoka zamu ya usiku moja kwa moja. Kuna wenzangu kazini sigara zao zinazidi hiyo hela. Sijisifu. Na silalamiki pia, kwa sababu kuna wale wengine wa "kama kugumu si urudi". Nimerudi, si mnaniona? Likizo ya wiki tatu.

Ile picha yangu nikiwa juu ya farasi iliingia kwenye kikundi cha ukoo, na wiki hiyohiyo nikapangiwa mchango wa harusi mara tatu ya kaka yangu aliyeko Arusha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mara tatu! Kwa picha tu. Tuyaache, mama yupo dirishani.

Basi, Meku. Jina hilo nimempa mimi. Kwenye pasipoti ana jina refu la Kiwelsi. Ndiyo, farasi ana pasipoti, Uingereza kila farasi lazima awe nayo, na chipu ndani ya shingo. Yeye kaipata bila kuhojiwa na mtu. Mama alikasirika mnyama kuitwa Meku, hilo ni jina la heshima la mzee. Nikamwambia ana miaka 16, ana mvi usoni na hataki kuharakishwa. Akaguna tu.

Ni mfupi, sentimita 138 mabegani, na ni mwepesi wa kushtuka kuliko kiumbe chochote nilichowahi kukishika. Mfuko wa plastiki ukipeperushwa na upepo, kwake hapo kuna chui.

Mchezo wenyewe unaitwa dresaji, si mbio na si kuruka vizuizi. Unaingia kwenye uwanja wa mita 20 kwa 40 wenye herufi pembeni, unapita njia uliyopangiwa, jaji amekaa kwenye herufi C, na kila kipengele kina alama kuanzia 0 mpaka 10.

Shindano la kwanza nilitolewa hata sijafika katikati. Haya mashindano madogo ya kwetu sisi tusio wataalamu, jaji hukaa ndani ya gari lake kwa ajili ya baridi, na badala ya kengele anapiga honi. Honi ikilia una sekunde 45 uwe umeingia. Sasa honi ikalia. Nikabana magoti, nikazishika hatamu kama abiria aliyeshika bomba la daladala. Tukaingia. Meku akaona chungu cha maua kwenye kona, masikio yakasimama. Ule ubao wa pembeni ni mfupi, mbuzi wa mama angeuvuka bila kuacha kutafuna. Meku akauruka. Miguu yote minne ikitoka nje ya uwanja, umetolewa. Pauni 19 za kiingilio, pauni 30 za lori, kwa chini ya dakika moja. Nililia chooni, na sioni aibu kusema.

Kwa miezi nilikuwa najiambia "usiogope, usiogope". Haisaidii kitu. Nilichokuja kugundua, na mtu asinukuu hii kama ushauri wa daktari, ni kwamba sikuwa namwogopa farasi. Nilikuwa namwogopa mtu mwenye kalamu.

Aliyeko nje ya nchi atanielewa. Miaka yote umekaa mbele ya mtu, yeye ana karatasi, anaandika, huoni anachoandika, na kesho yako imo humo. Kibali kikiisha, barua. Barua ikichelewa, barua nyingine ya kuuliza ya kwanza. Leseni ndiyo usiseme. Leseni ya Tanzania kule unaendeshea miezi 12 tu, baada ya hapo unaanza moja kama mtoto. Mtihani wa nadharia pauni 23, wa barabarani pauni 62, na kusubiri tarehe ni miezi. Mimi niliyeendesha Hiace kutoka Moshi mpaka Same na mzigo juu, nilifeli mara mbili! Mara zote mbili niliendesha vizuri mpaka nilipomwona mtahini anainamisha kichwa kuandika. Mguu ukaanza kucheza wenyewe juu ya klachi.

Ndicho kilichotokea pale uwanjani. Ila klachi haina moyo, Meku anao. Yeye hajui kalamu ni nini. Anajua tu aliye mgongoni kwake ameacha kupumua, na kwa farasi hiyo maana yake kuna mnyama mkali karibu. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden waliwaambia watu wanaoongoza au kupanda farasi kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa wakipita. Haukufunguliwa. Lakini mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi nayo yakapanda, wakati farasi hawakuambiwa chochote.

Kwa hiyo nikaanza upya, na hapa ninasema yaliyonifaa mimi na Meku. Farasi wako au moyo wako unaweza kutaka mengine kabisa.

Mara tatu nilimpeleka mashindanoni bila kushindana. Tunashuka kwenye lori, anakula majani, anatazama watu, tunarudi. Watu walinishangaa nalipa nauli ya kwenda kulisha farasi majani. Halafu nikajiandikisha daraja la chini kuliko tunalofanya nyumbani, lile la kutembea na mchakamchaka tu. Na kwenye madaraja hayo unaruhusiwa mtu wa kukusomea njia kwa sauti, basi mwenye Meku ananisomea, kichwa changu kinapata nafasi.

Pumzi ndiyo ilinisumbua zaidi. Kila mwalimu anakwambia "pumua", kama vile hukujua. Siku moja tunafanya mchakamchaka uwanjani, na kwa Kiswahili ni huohuo wa shule ya msingi, nikajikuta naimba zile nyimbo zetu za asubuhi. Mnakumbuka? Kiongozi anatoa, sisi tunaitikia, vumbi linapanda. Huwezi kuimba umebana pumzi, haiwezekani. Meku akateremsha shingo, akaanza kutafuna lijamu, kwato zikaitikia. Tangu hapo naimba chinichini. Jaji hasikii, na akisikia hajui Kiswahili.

La mwisho mtanicheka. Kabla ya honi unaruhusiwa kuzunguka nje ya uwanja. Napita karibu na gari la jaji, kwanza upande huu, halafu upande ule, ili Meku alione kwa macho yote mawili. Na mimi namwamkia jaji. Kwa sauti nasema habari za asubuhi ya Kiingereza, moyoni nasema shikamoo. Ukishamwamkia mtu, hata akiwa na kalamu, anakuwa mzee wa watu tu anayesikia baridi. Chungu cha maua sikitazami tena. Namgeuza Meku pua ndani kidogo, macho yangu yapo kwenye herufi inayofuata.

Tulipata asilimia 61. Najua mnawaza nini, shuleni kwetu 6 kwa 10 ulikuwa unachapwa. Kule 6 maana yake inaridhisha, na hata wazuri wengi wanaishia sitini na kitu. Kwenye karatasi jaji aliandika kwamba farasi anamwamini mpandaji. Nimeibandika kwenye friji. Mikono bado inatetemeka, swali lenu lilikuwa sahihi.

Wanaouliza kwa nini nisimlete Meku Moshi: huku kuna ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi, unaua haraka, na kumrudisha Ulaya baada ya hapo ni makaratasi ambayo hata mimi yamenishinda kwa nafsi yangu. Anayetaka kuona farasi aende Machame au Usa River, wapo.

Na kuhusu makaratasi, shindano la Mei hatukuingia kabisa. Chanjo yake ya mafua ilichelewa siku mbili. Siku mbili! Wakafungua pasipoti, wakahesabu kwa kidole, wakatuambia tuanze mfululizo wa sindano upya. Kiingilio hakikurudishwa. Nilirudi kwenye lori nikamwambia Meku, karibu ughaibuni baba.

Sasa kuna la Septemba, nimeshalipia. Jana usiku nilimwandikia mwenye Meku anipigie picha ukurasa wa chanjo. Imeingia sasa hivi, ngoja niikuze... Tarehe ipo. Mhuri upo. Sahihi ya daktari... Mama, hebu njoo na miwani yako, hii ni sahihi au ni doa?